Nta Kidogo Tu, Uzi Ushike

9 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nimefika salama, na baridi ya huku ilinipokea kabla ya watu. Maji ya bomba asubuhi yanauma vidole kama mbwa mdogo. Nimepanga chumba juu ya duka la mikate. Kina dirisha, meza, na jirani anayekoroma hadi ukuta unatetemeka. Ninakula vizuri, maana najua hilo ndilo swali lako la kwanza. La pili ni kama ninafunga mlango. Ninafunga.

Kwa kuwa umeapa hununui simu nyingine tangu ile izame kwenye ndoo ya gundi, itabidi unisome hivi hivi.

Kazi yenyewe, mjomba, ni kutengeneza nzi. Usicheke. Unachukua ndoana ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, unaibana kwenye jiliwa lililofungwa mezani, kisha unaizungushia uzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu aliyetua majini. Wavuvi wa mito ya milimani wanamrushia samaki, na samaki anameza kwa sababu hana muda wa kuuliza maswali. Tumekaa safu mbili, kila mtu na taa yake, na manyoya ya shingo ya jogoo yanatuingia puani kutwa nzima.

Shida ni kwamba nzi wangu wanafumuka. Msimamizi wetu tunamwita Mama Koleo, kwa kuwa koleo halimtoki mkononi. Kila nzi anamvuta bawa, kisha anamtumbukiza kwenye bilauri ya maji na kumtikisa. Wa wenzangu wanatoka wamelowa. Wa kwangu wanatoka uchi. Leo ameinua ndoana tupu kwenye taa akaniuliza, "Huyu alikuwa mdudu gani?"

Nikasema, "Alikuwa nzi, mama."

"Alikuwa," akasema, akaendelea na mwenzangu.

Niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa mwezi ujao. Uzi unateleza kwenye chuma, sijui niushikeje. Wenzangu kila mmoja ana kipande chake cha nta anachokilinda kama jino la dhahabu. Mimi nilinunua mshumaa nikaupaka uzi, hali ikazidi kuwa mbaya. Wewe umeshona viatu tangu sijazaliwa, na sijawahi kuona uzi wako ukilegea. Unafanyaje?

Mpwa wako,
Chiriku


24 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Barua imefika imelowa pembe moja, ila maneno yote yamo. Huku tu wazima. Goti langu linasema mvua inakuja, anga linabisha. Fundi saa wa mlango wa pili bado anadai viatu nilivyomshonea vinabana. Nimemwambia viatu havijabadilika, ni miguu iliyonenepa. Hatusalimiani tangu Jumatatu.

Sasa habari ya mshumaa. Nilipofika hapo nilivua miwani nikaipangusa, nikadhani nimesoma vibaya. Mtoto aliyejifunza kutambaa chini ya meza ya fundi viatu, aliyetafuna bonge la nta nikamtoa mdomoni kwa kidole, leo anapaka uzi mshumaa? Droo ikikwama watu huipaka mshumaa ili iteleze. Wewe unataka uzi ung'ang'anie, unaupaka kitu cha kuutelezesha.

Tumia nta ya nyuki. Lakini kwa baridi unayoisema, nta peke yake itakuwa jiwe. Iyeyushe kwenye bakuli lililokaa ndani ya sufuria ya maji moto, usiiweke motoni moja kwa moja usije ukaunguza nyumba ya watu. Tia utomvu mkavu wa msonobari uliosagwa, usizidi robo ya nta. Huo ndio unaoipa meno. Kisha matone ya mafuta ya nyonyo, ilainike. Imimine kwenye maji baridi, halafu ivute na kuikunja, ivute na kuikunja, mpaka ing'ae na kuwa ya rangi moja.

Ukitaka kuitumia, ipashe kwanza kwa kidole gumba. Pitisha uzi mara moja. Ukiona uzi una vibonge, umezidisha. Nta nyingi ni kama sifa nyingi, mtu anaanza kushuku.

Nimekutumia bonge moja tayari. Yangu ilikuwa imeisha, ikabidi nipande kilima cha nyuma ya kiwanda cha matofali, kwa mfuga nyuki. Ni mwanamke, amehamia hapa mwaka jana. Ulimi wake ni mkali kuliko nyuki wake. Alikataa kuniuzia mpaka nimwambie ni ya nini. Nilipomwambia ni ya kutengenezea nzi, aliniambia nikae kivulini ninywe maji kwanza.

Kula.

Mjomba wako


18 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa goti. Mpe fundi saa salamu zangu, na umpanulie hivyo viatu. Unajua mwenyewe kwamba vinabana.

Nta yako imenitoa aibu. Siku ya kwanza niliipasha kwa gumba kama ulivyosema, nikapitisha uzi mara moja, nikazungusha. Mjomba, uzi ulikaa. Nilipouachia ili nichukue unyoya, nilidhani utaruka kama kawaida yake, lakini ulibaki pale pale ukinisubiri. Na manyoya ya sungura, ambayo tunayasokotea kwenye uzi ili kupata mwili wa mdudu, zamani yalikuwa yanaanguka mapajani mwangu mpaka naonekana kama nimechinja sungura. Sasa yanaushika uzi, nayasokota kwa vidole viwili, yamekwisha.

Nikajisahau, nikafanya kosa ulilonikataza. Nilipaka nta kama ninayeogesha mtoto. Kichwa cha nzi kikang'aa kama cha mtu aliyetoka kwa kinyozi, na vanishi ya kumalizia ikakataa kushika juu yake. Mama Koleo alikigusa akasema, "Huyu amejipaka mafuta anaenda wapi?" Chumba kizima kilicheka, na mimi pia.

Lakini Ijumaa alichukua nzi wangu, akamvuta, akamtikisa majini, akamvuta tena. Akamweka mezani, akapita bila neno. Mwenzangu wa kiti cha pili, tunamwita Mrefu, akaninong'oneza kwamba hizo ndizo sifa zenyewe, nisisubiri nyingine.

Sasa nina swali. Nilipokea bonge moja, nikashukuru. Kisha yakaja mawili. Juzi yamekuja mengine matatu, na chupa ya asali. Nikifunga nzi mpaka meno yaning'oke sitaimaliza nta hii. Halafu kwenye kikaratasi umeandika: "Hii tuliichuja vizuri zaidi." Tuliichuja. Wewe na nani, mjomba?

Chiriku


2 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Nimefurahi kuhusu nzi. Viatu vya fundi saa nimevipanua. Sijamwambia kwamba nimevipanua, nimemwambia miguu imepungua, na tumeanza kusalimiana.

Kuhusu lile neno, ni kalamu iliteleza. Mtu akizeeka anaanza kujiita "sisi" kama mfalme.

Siku hizi Ijumaa nafunga duka mapema kwa sababu ya goti.

Majaribio yameisha, sivyo? Hujasema kama wamekuchukua, wala hujasema unarudi lini kushika meza hii. Nyundo ndogo nimeitia mpini mpya, saizi ya mkono wako. Halafu kitanda chako pale dirishani, bado unakitaka pale pale, au hata kikisogezwa hutajali? Nauliza tu.

Mvua imenyesha. Goti lilikuwa na haki.

Mjomba


27 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, jirani bado anakoroma, na mwenye duka la mikate sasa ananiwekea mkate ulioungua kidogo pembeni kwa kuwa aligundua ndio ninaoupenda.

Wamenichukua. Samahani sikusema mapema.

Nikusimulie ya Jumapili. Mama Koleo alitangaza kwamba mtu hawezi kufunga nzi maisha yake yote bila kumwona akifanya kazi, akatupeleka mtoni. Maji yalikuwa meupe juu ya mawe na ya kijani kwenye kina kirefu, na baridi iliyopanda kutoka mtoni iliniingia hadi kwenye mifupa. Kila mmoja alipewa ufito wa kuvulia, na kwenye ncha ya mshipi akafunga nzi wake mwenyewe. Nilimchagua wa sungura, mdogo, wa rangi ya vumbi, niliyemfunga wiki ile ile.

Kurusha mshipi ni aibu tupu. Wa kwanza ulinasa kwenye kichaka. Wa pili ulinasa kwenye kofia ya Mrefu, ambaye alisimama kimya akaniambia, "Taratibu, mimi si samaki." Mama Koleo akaja akanishika kiwiko. "Usipige maji," akasema. "Mweke tu, kama unayemlaza mtoto."

Nikamweka. Nzi akaelea, akazunguka jiwe. Mjomba, nilimtazama yule mdudu wangu nikasahau kwamba nilimfunga mimi. Alionekana kama mtu mwenye safari zake. Kisha maji yakavimba chini yake, akapotea, na ufito ukapinda mikononi mwangu kama kitu kilicho hai.

Sijui nilipiga kelele gani. Wanasema niliita "Mjomba". Samaki alinivuta mpaka nikaingia mtoni na viatu, alikimbia kushoto, akarudi, akaruka, na mimi nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu: uzi, shika. Ukashika. Tulipomtoa alikuwa na madoa mekundu ubavuni, mazuri kuliko kitambaa chochote, na nzi wangu alikuwa pembeni mwa mdomo wake, mzima, hajapoteza unyoya.

Mama Koleo alimtoa nzi kwa koleo, akamgeuza, akamtazama dhidi ya jua. "Huyu ni nzi," akasema. Nililia kidogo, mjomba, ila nilikuwa nimelowa mwili mzima, hakuna aliyejua.

Halafu tulimrudisha samaki mtoni. Ndiyo sheria ya mto ule. Najua utakachosema.

Jioni nilirudi nyumbani nikalala na soksi zenye maji.

Chiriku


8 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mwezi Mei wote sijaona barua yako. Nilidhani ni posta. Nilidhani umenikasirikia kwa ajili ya samaki.

Leo kimefika kifurushi cha nta, bila barua, na anwani haikuandikwa na wewe. Wewe unaandika kama kuku aliyekanyaga wino. Hizi ni herufi zilizolala upande mmoja, zimenyooka kwenye mstari. Nimekaa kitandani na kile kifurushi mapajani, nashindwa hata kuitoa nta yenyewe.

Kama uko hospitali, sema. Kama ni mkono, sema. Uliniuliza kuhusu kitanda changu na hukusema kwa nini. Unafunga duka Ijumaa, wewe ambaye hukulifunga siku ulipotegua mguu. Nimeomba ruhusa kazini. Nisipopata neno kutoka kwako mwenyewe wiki hii, nakuja.

Mpwa wako


15 Juni

Chiriku, mwanangu,

Usipande gari. Mimi mzima. Yaani, mzima isipokuwa mkono wa kulia, nao umeshapoa. Naandika mwenyewe kama unavyoona, kuku yule yule.

Nilikuwa nasaidia kuvuna asali. Niliambiwa nivae glavu, nikasema mikono ya fundi viatu ni ngozi tayari. Nyuki hawakukubaliana nami. Mkono ulivimba ukawa kama mkate wa huko kwenu, sikuweza kushika hata kijiko. Anwani aliandika yeye, mfuga nyuki. Alitaka kuniandikia na barua pia. Akaketi, akachukua kalamu, akasema, "Haya, sema, nakuandikia." Barua yenyewe ilimhusu yeye, ningemtajia nini? Akaniuliza, "Huna la kumwambia mpwa wako?" Nikasema mkono unauma. Akasema, "Hatuandiki kwa mkono wako." Nikasema basi na koo linauma.

Acha nikueleze toka mwanzo, maana umeniogopea bure na roho yangu haipendi.

Nilikwenda mara ya kwanza kwa ajili ya nta yako. Mara ya pili pia, au karibu hivyo. Mara ya tatu nilikuwa na nta ya kutosha kushona viatu vya jeshi, lakini nilipanda kile kilima na goti lile lile ninalokulalamikia. Akanipa kazi ya kuchuja. Nikachuja. Ikawa kila Ijumaa. Tunapika nta, tunaivuta, yeye mwisho mmoja na mimi mwisho mwingine, na tunabishana. Anabisha kila kitu, hata saa. Sijawahi kupata mtu wa kubishana naye tangu ulipoondoka.

Siku moja mwezi wa nne aliweka viatu vyake mbele yangu. Akasema, "Fundi, hivi umeshavitengeneza mpaka vimekuwa vipya kuliko nilivyovinunua. Unatafuta nini huku kwangu?"

Nikasema, "Nta."

"Nta unayo."

"Basi natafuta asali."

"Na asali unayo. Unampelekea mpwa wako, yeye anafikiri umerukwa na akili."

Nikakosa cha kutafuta. Nikamwambia, "Nataka tukae pamoja, mimi na wewe, kihalali, tubishane nyumba moja." Hakucheka. Alifunika sufuria kwanza, maana huyu hawezi kuacha nta ikipata vumbi hata mtu akimposa. Kisha akasema, "Mwandikie yule mtoto kwanza. Nyumba ile ni yake kabla haijawa yangu. Akisema hapana, utaendelea kununua nta."

Ndiyo sababu ya ukimya wangu. Nilianza barua nyingi, nikazichana. Watu walikuwa wakisema nimeoa viatu, nami niliwaacha waseme, maana nilikuwa na wewe wa kulea na sikuona pengo. Mama yako aliponiachia wewe kabla hajafa, nilimwahidi kwamba kitanda kile hakitakuwa cha mtu mwingine. Na wewe nilikuahidi meza. Sasa nije nikuambie nyumba imepata mwenyewe mwingine? Nilidhani utasoma kwamba nakufungia mlango.

Halafu nikaisoma tena barua yako ya mtoni. Umeandika "nilirudi nyumbani". Sikukasirika. Nilikaa nayo tu. Nikajiuliza kama na wewe kuna jambo unalonificha kwa kuniogopea.

Nijibu bila kunipaka mafuta.

Mjomba wako

Samaki nimeona. Umevua, umeshika, umerudisha. Nimemwuliza daktari wa mkono kama kuna dawa yake. Amesema hakuna.


23 Juni

Mjomba,

Shikamoo, shikamoo tena. Nilisoma barua yako nimesimama kwenye ngazi za duka la mikate, nikacheka mpaka mwenye duka akatoka kuangalia kama nimeanguka. Kisha nikakaa pale pale nikalia, akaniletea mkate bila kuuliza. Nimecheka tena usiku, jirani akagonga ukuta. Yeye, mwenye kukoroma, anagonga ukuta.

Oa, mjomba. Oa upesi kabla hajapata fundi viatu mwingine. Huyo anayefunika sufuria akiposwa ndiye mtu wako.

Na sasa langu. Mwezi wa nne, kabla ya kwenda mtoni, Mama Koleo aliniita kwenye kabati la manyoya. Akasema, "Wageni wapya wanakuja, nataka mtu wa kuwafundisha kushika uzi. Mimi nimechoka kuvuta mabawa." Nikauliza kwa nini mimi, na nzi wangu walikuwa wanatoka uchi. Akasema, "Ndiyo maana. Wewe unajua wanavyofumuka." Nilikubali pale pale, mjomba, sikusubiri hata kupumua. Nikarudi mezani nikaikumbuka nyundo yako yenye mpini mpya, nikashindwa kula.

Naipenda kazi hii. Asubuhi nikiwasha taa, nikaona manyoya yamepangwa na ndoana zimelala kwenye kisahani, nafurahi kabla sijaanza. Sitarudi kushika meza. Nitarudi kukuona, kila nitakapoweza, na nitalala popote, hata chini ya meza, nimeshawahi. Nafasi ya kitanda ipeni mitungi ya asali. Nilikuwa naogopa kukuacha peke yako, na wewe muda wote hukuwa peke yako, mzee mjanja.

Niambie tarehe. Mama Koleo ameniruhusu, na chumba kizima wamechanga, wananikataza kusema wamenunua nini. Ni blanketi.

Na nimwite nani? Mkaza mjomba ni neno refu la kuita mtu akiwa na nyuki kichwani.

Chiriku wako


4 Septemba

Chiriku wangu,

Marahaba. Tangu uondoke baada ya harusi, nyumba imekuwa kimya upande mmoja tu. Upande wa pili unabishana nami kama kawaida. Blanketi tunalitumia. Fundi saa bado anasimulia jinsi ulivyomchezesha siku ile mpaka akavua viatu, na sasa anasema vilikuwa vikubwa mno.

Kuhusu umwite nani mke wangu, ulisema aamue mwenyewe. Amesema umwite Mama, kama haikuumizi. Kama inakuumiza, umwite jina lolote, ataitika.

Duka tumeligawa. Kushoto viatu, kulia asali. Mteja akiingia tunamwuliza kwanza amefuata nini, kwa sababu juzi mtu alileta buti lenye tundu akaondoka na chupa mbili, na buti likabaki hapa. Meza yako ipo. Yeye amejifunza kushona soli, na sitakuandikia jinsi anavyoshona kwa kuwa anasoma juu ya bega langu. Anashona vizuri. Nimelazimishwa kuandika hivyo, lakini pia ni kweli.

Sasa sikiliza. Hajawahi kuona mto wenye baridi, nami sijawahi kulala nje ya mji huu. Tumekata tiketi, tunakuja mwezi ujao, wiki ya pili. Tutafutie mahali pa kulala mbali na yule jirani. Mwambie Mama Koleo naja kumsalimia, na kwamba sitamruhusu anivute chochote.

Toka tiketi zifike tunagombana nani akae dirishani. Nilimwambia mimi ndiye mkubwa. Akasema ndiyo maana, macho yangu hayaoni mbali, dirisha la nini? Nilimtafutia jibu siku mbili nikalikosa. Atakaa yeye. Nimeshindwa kabisa, mwanangu, na nimetembea mjini kutwa nzima nikitabasamu kama niliyeshinda.

Mjomba wako